Kuaminiwa Kufa, Kutoaminiwa Kuongoza: Askari wa Njia ya Korogwe na Handeni



Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha hufika Segera, akashika mkono wa kushoto, na baada ya muda mfupi yumo Korogwe. Abiria hununua machungwa, hunyoosha miguu, na safari huendelea. Ni wachache wanaojiuliza juu ya ile barabara inayokata kusini, kuvuka Mto Pangani na kuelekea Handeni. Nimeipita mara nyingi, na kila ninapoipita hunijia swali moja ambalo nimekuwa nikiwauliza pia wanafunzi wangu: iliwezekanaje watu walioaminiwa kupewa bunduki na kupelekwa kufa, wasiaminiwe kupewa amri kwa zaidi ya miaka 70?

Swali hili si la Tanganyika peke yake. Marekani, baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, iliunda mwaka 1866 vikosi vya watu weusi, na kuanzia 1869 vile vya miguu vikabaki viwili: cha 24 na cha 25. Askari wake walikuwa weusi, maofisa wake karibu wote weupe, na kazi yao ilikuwa kulinda mipaka ya magharibi dhidi ya wenyeji wa Amerika ambao nao walikuwa wakinyang'anywa ardhi. Mwaka 1906, baada ya risasi kufyatuliwa usiku katika mji wa Brownsville, askari 167 wa Kikosi cha 25 walifukuzwa jeshini bila kushtakiwa mahakamani. Jeshi liliwasafisha mwaka 1972, wakati karibu wote walikwisha kufariki. Lakini hatuna haja ya kwenda Texas ili kuuelewa mpango wa namna hiyo. Sisi tulikuwa nao hapa, na sehemu muhimu ya historia yake ilipita katika njia ya Korogwe na Handeni.

Jeshi lililoletwa kwa meli

Mwezi Agosti 1888, katika mji wa Pangani, kwenye mdomo wa mto huohuo unaopita Korogwe, wakala wa kampuni ya Kijerumani aitwaye Emil von Zelewski alijaribu kusimika mamlaka ya kampuni yake kwa ubabe. Pwani ikalipuka. Abushiri bin Salim aliongoza upinzani Pangani, na Bwana Heri wa Saadani, aliyekuwa na nguvu zake miongoni mwa Wazigua, akashika upande wake. Kampuni ikashindwa, na serikali ya Ujerumani ikamtuma Hermann Wissmann mwaka 1889 kuirudisha pwani mikononi mwake.

Wissmann hakuja na Wajerumani wengi. Aliajiri mamia ya Wasudani kutoka Misri, na Washangaan kutoka Msumbiji ambao huku waliitwa Wazulu, akaongeza Wasomali na watu wa pwani. Hivyo vita vya kuitwaa nchi hii vilipiganwa, kwa sehemu kubwa, na Waafrika dhidi ya Waafrika. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Bwana Heri alifanya suluhu mwaka uliofuata. Mwaka 1891 jeshi la Wissmann likageuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni, Schutztruppe.

Muundo wake ulikuwa rahisi kuueleza. Mwafrika aliingia akiwa askari, akapanda kuwa ombasha, kisha shaushi, kisha sol. Wachache sana walifikia cheo cha effendi, na hapo ngazi iliishia. Effendi mwenye miaka 20 ya vita alisimama chini ya Mjerumani aliyeshuka melini juzi. Kwa Kiswahili cha leo neno hilo limekuwa "afande", na tunamwamkia nalo kila mwenye sare. Neno lililokuwa dari ya Mwafrika limegeuka kuwa heshima ya kila siku, nasi tumesahau lilikotoka.

Mmoja wa "Wazulu" hao aliitwa Sykes Mbuwane. Mwanawe alizaliwa Pangani mwaka 1894 na kupewa jina la ofisa wa Kijerumani: Kleist. Naomba msomaji aliweke jina hilo akilini, kwa maana tutalirudia.

Ni lazima pia tuseme ukweli kuhusu askari huyu. Kwa mwanakijiji wa Uzigua au Usambaa, askari wa Mjerumani hakuwa ndugu aliyeonewa. Alikuwa mtu wa kiboko, mdai wa kodi, mchukua kuku na mbuzi. Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, vilivyomalizwa kwa kuchoma mashamba na maghala mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, vilitekelezwa na mikono yake. Aliyebaguliwa kambini alikuwa mbabe kijijini. Anayesoma historia hii akitafuta mashujaa watupu au wasaliti watupu atarudi mikono mitupu.

Juni 1916

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, Wajerumani walikuwa na askari Waafrika wapatao 2,500 katika koloni hili. Novemba 1914 Waingereza walishusha Tanga jeshi la watu 8,000 kutoka India. Askari waliowakabili walikuwa takribani 1,000 tu, na wengi wao waliletwa kutoka Moshi kwa reli iliyokuwa imefika Korogwe tangu 1902. Waingereza walishindwa vibaya. Miongoni mwa waliouawa upande wa Wajerumani alikuwa Tom von Prince, yule ambaye wenyeji walimwita Bwana Sakarani, jina ambalo bado liko katika milima ya Usambara.

Ushindi wa Tanga ulipaswa kumaliza mjadala kuhusu uwezo wa askari Mwafrika. Haukumaliza. Upande wa Waingereza, King's African Rifles, jeshi lililoundwa 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasa, Uganda na Kenya, lilianza vita likiwa na watu wapatao 2,400. Viongozi wengi walisita kulikuza. Walowezi waliogopa kwamba Mwafrika akijua kumlenga mzungu mmoja kwa bunduki, atajua kuwalenga wote. Afrika Kusini ilikuwa imeliweka jambo hilo katika sheria yake ya ulinzi ya 1912, iliyowatenga weusi na utumishi wa kubeba silaha. Kwa hiyo Jenerali Jan Smuts aliposhika uongozi mwanzoni mwa 1916, alikuja na maelfu ya askari weupe kutoka kwao, akiamini vita vitakwisha upesi.

Mwishoni mwa Mei 1916 jeshi lake lilianza kushuka kando ya Mto Pangani. Wajerumani walirudi nyuma hatua kwa hatua. Walikuwa wametandika reli ndogo ya troli kutoka Mombo hadi Handeni, na kutoka Handeni mizigo ilibebwa kichwani na mabegani kuelekea Reli ya Kati. Hiyo ndiyo iliyokuwa maana ya Handeni katika vita hivyo: kiungo kati ya reli mbili, na kiungo hicho kilikuwa miili ya watu. Tarehe 9 Juni palipiganwa Mkalamo. Tarehe 15 Juni Korogwe ilitwaliwa, na siku chache baadaye Handeni. Huko Kang'ata, kusini mwa Handeni, kikosi cha weupe wa Afrika Kusini kilijikuta mbele ya bunduki zilizofichwa vichakani, kikapoteza watu wengi. Tarehe 24 Juni palipiganwa Mto Lukigura. Kisha Smuts akasimama kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Hakusimamishwa na risasi peke yake. Wanyama wa kubeba mizigo walikufa kwa ndorobo, magari yalizama katika udongo mweusi, na malaria na kuhara damu viliwaangusha askari weupe kwa mamia. Batalioni ya 9 ya Afrika Kusini, mfano unaotajwa mara nyingi katika historia za kampeni hiyo, ilianza Februari na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliofaa kwa kazi walikuwa 116. Kati ya mwisho wa 1916 na mwanzo wa 1917, zaidi ya askari weupe 12,000 walirudishwa kwao.

Nafasi zao zilijazwa na nani? Kikosi cha Gold Coast, yaani Ghana ya leo, kilifika Julai 1916 na kupita njia hiihii ya Handeni kwenda kusini. Brigedi ya Nijeria ilifuata Desemba. Na King's African Rifles, lile jeshi lililoogopwa kukuzwa, lilifikia batalioni 22 na watu zaidi ya 35,000 kabla ya vita kwisha. Kwa upande wa Wajerumani hapakuwa na badiliko la kufanya, kwa kuwa jeshi lao lilikuwa la Waafrika tangu mwanzo, na mwaka 1916 lilikuwa na askari wapatao 11,000. Hivyo vita vilivyoanza kwa shaka ya kumpa Mwafrika bunduki viliishia kuwa vita vya Mwafrika pande zote mbili. Ikiwa kuna mahali ambapo hesabu hiyo ilianza kugeuka, ni njia hii kati ya Korogwe na Lukigura.

Bunduki mpya, dari ileile

Mwaka 1917 Waingereza walifanya jambo linalofundisha kuliko vitabu vingi. Waliunda Batalioni ya 6 ya King's African Rifles, na waliijaza askari waliokuwa wa Wajerumani, wengi wao mateka. Mtu aliyewapiga risasi Waingereza mwaka uliotangulia alivishwa sare yao. Lugha ya amri ilibadilika, bendera ilibadilika, bunduki ilibadilika. Ngazi haikubadilika: juu ya kila Mwafrika, hata sajini meja aliyezeeka vitani, alikaa ofisa mzungu.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Mara nyingi tunaambiwa ubaguzi jeshini ulitokana na dharau, kwamba wakoloni hawakujua uwezo wa Mwafrika. Mambo ya 1916 na 1917 yanakanusha maelezo hayo. Walijua, na walijua kwa hesabu za hospitali na za makaburi. Uwezo wa kupigana ulikwisha kuthibitishwa. Kilichokatazwa kilikuwa kuamuru, kwa sababu mtu anayeamuru kombania anaweza siku moja kuuliza kwa nini haamuru wilaya. Ubaguzi wa vyeo ulikuwa uzio wa dola. Ujinga haukuwa chanzo chake, na ndiyo maana ushahidi haukuweza kuuondoa.

Vita ya Pili vilirudia somo hilo kwa ukubwa zaidi. Zaidi ya Watanganyika 80,000 walitumikia. Batalioni ya Kwanza ya 6 ilipigana Ethiopia, na tarehe 19 Mei 1941 ilikuwa Colito. Kisha ikaenda Madagaska mwaka 1942. Wengine walifika Burma. Nishani ya juu kabisa iliyotokana na mapigano ya Colito, Victoria Cross, ilikwenda kwa sajini mzungu wa batalioni hiyo, Nigel Leakey, aliyefia hapo. Hatumwonei wivu marehemu. Tunasema tu kwamba jina lake tunalijua.

Sasa turudi kwa Kleist. Huyu mtoto wa Pangani alipigana upande wa Wajerumani katika Vita ya Kwanza. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa African Association mjini Dar es Salaam, akawa katibu wake. Mwanawe, Abdulwahid Sykes, aliingia King's African Rifles akapigana Burma, akarudi na kuwa miongoni mwa waasisi wa TANU mwaka 1954. Babu aliletwa kuitwaa nchi, baba akaitetea dola moja dhidi ya nyingine, mjukuu akashiriki kuidai. Vizazi vitatu vya familia moja vilipita katika lango moja la kambi, na cha tatu kikatoka kikiwa na swali ambalo kambi haikutaka liulizwe.

Majina na mawe

Ubaguzi uliendelea hata baada ya pumzi kukatika. Mwindaji na ofisa Frederick Selous, aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, ana kaburi lenye jina lake katika mbuga iliyokuwa na jina lake. Askari wengi Waafrika waliokufa katika kampeni hiyohiyo hawana jiwe. Wapagazi wana kidogo zaidi ya sifuri: wanahistoria huhesabu waliokufa upande wa Waingereza kuwa karibu 100,000, wengi kwa maradhi na njaa, na kumbukumbu yao kubwa katika nchi hii ni jina la soko, Kariakoo, lililotokana na kambi ya jeshi la wabeba mizigo.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani jambo ambalo wanahistoria walikwisha kulisema. Ilikubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba fikra za ubaguzi zilichangia uamuzi huo. Tume iliomba radhi. Badala ya majina, sisi tulipewa sanamu. Ile ya Askari iliyosimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 ni ya shaba na ni nzuri kwa macho, lakini ni ya askari yeyote, na kwa hiyo si ya askari fulani. Karibu na hapo ilikuwako awali sanamu ya Wissmann, na miguuni pake askari Mwafrika akimtazama juu. Iliondolewa na Waingereza, ikaishia Hamburg, na wanafunzi wa huko wakaiangusha miaka ya 1960.

Fikiria pia habari ya Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe akatumika katika jeshi la Wajerumani akiwa bado mtoto. Alikwenda Berlin na kudai mshahara ambao yeye na baba yake hawakulipwa. Alijibiwa kwamba amechelewa. Alifariki mwaka 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Dola aliyoitumikia haikumlipa, kisha ikamfunga mpaka akafa.

Kutoka Colito hadi Lugalo

Uhuru ulipofika tarehe 9 Desemba 1961, Batalioni ya 6 ilibadilishwa jina ikawa sehemu ya Tanganyika Rifles. Bendera ilipanda Kilimanjaro, lakini katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, iliyopewa jina la yale mapigano ya Ethiopia, Waingereza walibaki katika nafasi zote za juu. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964 askari waliasi. Walidai mambo mawili: mishahara bora, na maofisa Waingereza waondoke.

Sitaki nieleweke vibaya. Uasi wa jeshi dhidi ya serikali iliyochaguliwa na wananchi ni jambo la hatari, watu walipoteza maisha na mali mjini, na Mwalimu Nyerere alilazimika kuomba msaada wa majeshi ya Uingereza, msaada alioueleza kuwa wa aibu kwa taifa. Tarehe 25 Januari makomando wa Uingereza walituliza kambi. Lakini kulaani njia hakutuondolei wajibu wa kulisikia dai. Askari wale walikuwa wakidai, kwa lugha ya bunduki kwa sababu jeshi la kikoloni halikuwafundisha nyingine, jambo ambalo ushahidi wake ulikuwapo tangu 1916.

Serikali ilijibu kwa kulivunja jeshi lote. Tarehe 1 Septemba 1964 lilizaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya, Mtanzania. Halikuwa tena jeshi la "makabila ya kivita" yaliyochaguliwa na mkoloni. Vijana walichukuliwa kutoka pande zote za nchi. Na Colito leo inaitwa Lugalo, kwa heshima ya ushindi wa Mkwawa dhidi ya Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891. Aliyeongoza msafara ulioangamizwa hapo alikuwa Zelewski, yuleyule wa Pangani. Jina hilo ni la haki. Lakini tukumbuke kwamba wengi wa waliolala chini siku ile Lugalo hawakuwa Wajerumani. Walikuwa Wasudani na "Wazulu" wa Wissmann, Waafrika waliokufa chini ya amri ambazo wao wasingeruhusiwa kamwe kuzitoa.

Tufanye nini?

Kwa wanafunzi: wapo wajukuu wa askari na wa wapagazi katika vijiji vya Mkalamo, Kang'ata na kando ya Lukigura. Nendeni na daftari kabla ya wazee hawajatutoka. Simulizi ya bibi kuhusu njaa iliyofuata majeshi ni hati ya kihistoria sawa na ripoti ya jenerali. Kwa watumishi wa halmashauri za Korogwe na Handeni: ubao mmoja wa maelezo pembeni ya barabara, wenye tarehe na majina ya mahali, hauhitaji bajeti ya kutisha. Kwa wanaharakati: Tume ya Makaburi imekwisha kukiri. Kukiri bila orodha ya majina ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki haitafanywa London tusipoidai hapa.

Na kwa sisi sote tuliokalia viti vya ofisi, nina swali la mwisho. Tumeondoa ubaguzi wa rangi katika vyeo. Je, tumeiondoa tabia iliyokuwa chini yake, ya kumwamini mtu wa chini kwa kazi ngumu na kutomwamini kwa uamuzi? Mwuguzi wa zahanati, mwalimu wa shule ya kijijini, mgambo, mtendaji wa kata: tunawatuma wabebe mizigo yetu, kisha tunakaa mezani kuamua bila wao. Tukiitazama vizuri ile njia ya kwenda Handeni, tutajua kwamba jambo hilo lina historia ndefu, na kwamba gharama yake hulipwa na mwenye mzigo.